Miduara Juu ya Gari Jeusi

Dawa ya polishi ikipata moto ina harufu yake. Si ya petroli, wala si ya rangi mbichi. Ni kama mtu amemwaga mafuta ya taa kidogo juu ya sukari iliyoungua, halafu akaifunika kwa kitambaa chenye jasho. Kila asubuhi hapa Kahama, nikiwasha mashine na sponji likaanza kuzunguka juu ya boneti, harufu hiyo inanipanda puani, na hapo hapo mabega yangu yanachoka. Bado sijafanya kazi yoyote, lakini yanachoka. Nadhani yanakumbuka mabega ya mtu mwingine.

Ni mabega ya Baba. Mimi bado kijana, nacheka sana, wateja wananiita Kasuku kwa sababu sinyamazi, na nina ndoto ya kuwa na sehemu yangu mwenyewe, yenye paa la bati na taa nyeupe za kumulikia rangi. Lakini kuna asubuhi najisikia kama mtu aliyeamka kutoka kulima, wala sijalima. Kisa chake nataka niwasimulie nyie, taratibu, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nakijua vibaya.

Nilikulia Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Rwamgasa ya utoto wangu ilikuwa inasaga mawe kutwa kucha. Makarasha, zile mashine za kusaga mawe, yalinguruma bila kupumua, na vumbi jeupe la mawe lilitua juu ya kila kitu: juu ya dagaa walioanikwa, juu ya kope za watoto, juu ya Biblia ya Mama. Mimi nilidhani kila mji duniani unanguruma. Siku ya kwanza nilipopelekwa Didia kwa bibi nililia usiku mzima, na nilipoulizwa nalilia nini nikasema pananyamaza sana. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Baba, jina lake Masanja, alikuwa ameshuka mashimoni kwa miaka na kupanda juu na kifua kibovu. Akaapa harudi chini. Akanunua mashine ya kupigia polishi, iliyokwisha tumika, kutoka kwa fundi mmoja wa mjini Geita aliyekuwa anaacha kazi, pamoja na jenereta dogo lililokohoa kuliko Baba mwenyewe. Kando ya barabara ya kuelekea mialoni, kunakooshwa dhahabu, akamwaga zege pana kama uwanja wa kuanikia mpunga, akafunga turubai juu, akaweka mapipa ya maji. Hapo ndipo tulipoishi mchana wetu wote. Mama aliosha magari, Baba akapiga polishi, kisha Mama akafuta mara ya mwisho ili gari litoke linang'aa. Mimi nikitoka shule nilikuwa na kazi yangu: kunyunyizia maji kwa chupa pale Baba anapoelekeza, ili sponji lisipate moto kupita kiasi.

Sasa hili la Mama kuosha magari halikuwa jambo dogo. Sijui kwingine, lakini pale kwetu mwanamke alipika, aliuza, aliponda mawe, alibeba maji ya mialoni mpaka shingo ikaingia mabegani, na hakuna aliyeshangaa. Kuosha gari la mwanamume mwenye hela, ndiyo ikawa ajabu. Vijana wa bodaboda walikuwa na kijiwe chao ng'ambo ya barabara, na mkubwa wao wa maneno alikuwa Kulwa, mwembamba, koti la mvua kiangazi na masika.

"Mama Kabula," alikuwa akipaza sauti, "hiyo si sufuria! Usije ukaisugua kwa majivu!"

"Kulwa, mwangaluka," Mama anamjibu kwa salamu ya Kisukuma bila kugeuka. "Na wewe lete hiyo pikipiki yako niioshe, maana toka uinunue haijaona maji. Kuku wanaikimbia."

Wenzake wanamcheka. Lakini baadaye, wakidhani hatusikii, nilimsikia Kulwa akisema kwa sauti ya kawaida, isiyo na utani: "Mwanamke hawezi gari. Mwacheni tu. Siku ataharibu moja la mtu mzito, ataondoka hapa mwenyewe." Na wale wengine hawakucheka. Waliitikia.

Mama alilijua hilo. Ndiyo maana alifanya kazi kama mtu anayeangaliwa. Alisuuza mara mbili pale wengine wanaposuuza mara moja. Alisugua rimu kwa mswaki. Na alikuwa na taulo zake, ambazo ndizo zilikuwa fahari yake.

Taulo hizo alipewa na mdogo wake, Mjomba Nkwabi, aliyekuwa na mwalo. Kwa asiyejua, mwalo ni pale mawe yaliyokwisha kusagwa kuwa unga yanapooshwa kutafuta dhahabu. Wanaweka ubao ulioinama, wanautandika taulo nene, wanamwaga unga na maji kutoka juu. Uchafu unateremka, dhahabu kwa uzito wake inanasa kwenye nyuzi. Taulo ikitumika sana inalegea, hainasi tena, inatupwa. Mjomba alikuwa hazitupi. Alizikung'uta, akazisuuza, akamletea dada yake furushi zima. Zilikuwa nene, nzito, zinanyonya maji kama ardhi ya kiangazi. Mama alizifua kwa sabuni ya kipande, akazianika, akazikunja kama shuka za hospitali.

"Nani mwingine Rwamgasa anafuta gari kwa taulo kama hizi?" aliniuliza siku moja, akinipitishia moja shavuni. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa inakwaruza kidogo, lakini taulo gani haikwaruzi?

Shida ilianza polepole. Magari yaliyotoka kwetu yanang'aa yalikuwa yanarudi baada ya wiki chache, na wenye magari wanatuonyesha kitu. Ukisimama kivulini hukioni. Ukilisogeza gari juani, ukatazama pale jua linapojipiga kwenye rangi, unaona michirizi myembamba mno, mamia kwa mamia, imelizunguka jua lile duara juu ya duara, kama utando wa buibui. Magari meupe yalificha. Mekundu yalinong'ona. Meusi yalipiga kelele.

Baba alikuwa anaiondoa. Anapaka dawa, anawasha mashine, anasukuma sponji kwa mikono miwili, kushoto, kulia, juu, chini, mpaka utando wote unafutika na rangi inakuwa kama maji ya kisima. Nilimuuliza kama dawa ile inaziba mikwaruzo. Akazima mashine. Alikuwa mtu wa kuzima mashine akiulizwa swali na mtoto.

"Haizibi, ng'wana wane, mwanangu. Mkwaruzo ni korongo shambani. Mimi sina udongo wa kulifukia. Ninachofanya ni kulichonga shamba lote lishuke, lilingane na korongo." Akanionyesha kwa kiganja jinsi shamba linavyoshuka. "Juu ya rangi kuna mpako mwembamba, ule wa kung'aa. Huo ndio naula. Kila nikipiga, unapungua. Ukiisha, basi. Hapo gari ni la kupulizwa rangi upya na mimi ni wa kufungwa kamba."

Alicheka, nami nikacheka. Lakini magari yaliendelea kurudi, naye akaendelea kuyachonga. Alibadilisha dawa. Alifua masponji kwa maji ya moto. Alisogeza turubai, akidhani ni vumbi la makarasha linaloanguka wakati anafanya kazi. Alishuku maji, akaanza kuyachuja kwa kanga. Hakuna kilichobadilika. Alipiga gari asubuhi, alipiga lililorudi mchana, na jioni alikaa chini kula huku mkono wake bado unatetemeka kama umeshika mashine. Tonge lilikuwa linamponyoka. Mama alijifanya hajaona, akawa anamkatia ugali vipande vidogo, eti leo umepoa vibaya.

Baada ya kula alijilaza kifudifudi kwenye mkeka na kuniita. "Kabula, njoo unikanyage." Nilipanda juu ya mgongo wake nikatembea, kutoka kiunoni hadi mabegani, nimeshika ukuta nisianguke. Chini ya nyayo zangu mabega yake yalikuwa magumu kama magunzi. Alikuwa anaguna, halafu ananyamaza, halafu amelala, nami bado niko juu.

Huko nje maneno yalishaanza. Mashine ya Masanja inakwangua magari. Watoto wa wenye magari waliyaleta shuleni, na kuna mmoja alikuwa anazungusha kidole juu ya dawati langu, taratibu, vuu, vuu, mpaka nikammwagia uji.

Basi ndipo lilipokuja lile gari jeusi.

Lilikuwa la Mzee Salum, mnunuzi wa dhahabu, mtu wa watu, kanzu safi kila Ijumaa, babu yake alitoka pwani na yeye anazungumza Kisukuma kuliko sisi. Binti yake alikuwa anaolewa, na gari hilo ndilo lingembeba bibi harusi. Lilikuwa limeshapita kwetu mara kadhaa, na kila mara lilirudi na utando. Safari hii Mzee Salum alishuka, akapokea shikamoo yangu, akamshika Baba mkono na hakuuachia.

"Masanja, mimi watu wananiambia nilipeleke mjini. Nimesema hapana, nampa Masanja. Usiniaibishe mbele ya wakwe."

"Sitakuaibisha, mzee."

"Utando huu usirudi."

"Hautarudi."

Alipoondoka Baba alipitisha kiganja juu ya boneti, akalaza shavu kuitazama kwa pembeni, akaniambia kwa sauti ndogo, "Huu mpako wa juu umebaki kama ngozi ya kitunguu. Hii ndiyo mara ya mwisho." Nikaelewa, hata mimi, kwamba likikwaruzika tena, hakuna tena kulichonga kwa mashine.

Alifanya kazi tangu jua linachomoza, na mimi siku hiyo sikwenda shule. Sijawahi kumuona akienda polepole vile. Alikuwa anasimama kila mara kugusa bati kwa mgongo wa mkono, kusikia joto, na mimi nanyunyiza, naye anaendelea. Jasho lilimdondoka kidevuni, akageuzia uso pembeni lisianguke juu ya rangi. Mchana ulipopita, gari lilikuwa jeusi mpaka mawingu yalionekana yakitembea juu yake. Alizima jenereta. Kimya kikatuangukia, nami nikaikumbuka Didia. Baba aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imeninginia katikati ya magoti, akamwambia Mama, "Mama Kabula, lifute tu hilo vumbi la dawa. Mimi siwezi tena kunyanyua mkono."

Mama alichagua taulo bora kuliko zote. Alifuta kama anavyofuta siku zote, kwa mizunguko mipana, akiimba wimbo wa kwaya nusu nusu. Jua lilikuwa limeshuka likaingia chini ya turubai, likaipiga boneti. Na mimi nilikuwa namtazama Baba, siyo gari, kwa hiyo niliona uso wake. Alikuwa anautazama mkono wa Mama. Macho yake yalizunguka na mkono ule mara moja, mara ya pili, kisha yakasimama. Akainuka kutoka kwenye ndoo kama mtu aliyeitwa.

"Hebu," akasema. Akaichukua taulo mkononi mwa Mama. Akaipeleka juani, akaifungua kwa vidole viwili, akatazama ndani ya nyuzi. Akasugua kipande kwenye ukucha wa dole gumba, akautazama ukucha. Mama akamuuliza kuna nini. Baba akamrudishia taulo, akamtundikia begani vizuri kabisa, kama mtu anayemvika mtu kanga.

"Hakuna kitu," akasema.

Na hapo hapo, kama vile ameitwa na shetani, gari la rafiki yake likamshusha Mzee Salum. Alikuwa amekuja mapema kwa furaha, na kijiwe chote cha bodaboda kikavuka barabara kuja kuona gari la harusi. Wakalizunguka. Jua likawa limekaa palepale kwenye boneti, na kulizunguka jua, duara juu ya duara, utando.

Mzee Salum alivua miwani, akavaa tena.

"Masanja. Nimekuletea gari au nimekuletea sinia la kusugua kwa mchanga?"

Kulwa alikuwa amejifuta mikono kwenye lile koti lake. "Mzee, muulize huyo mama," akasema. "Sote tumeona kutoka kule. Masanja alikuwa amekaa. Aliyeshika gari mwisho ni mwanamke."

Watu wote wakamgeukia Mama. Mama alikuwa amesimama na taulo begani, mkono mmoja umeshika pindo lake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimuona hana jibu. Mmoja kule nyuma akasema, "Si tulisema?" Mwingine akacheka kwa pua.

Baba akasogea akasimama mbele ya boneti.

"Kulwa, wewe unajua pikipiki, na hata hiyo unaijua nusu. Usiseme usichokijua." Kisha akamgeukia Mzee Salum, akainamisha kichwa. "Mzee, ni sponji la mashine. Limeingia mchanga nami sikulikagua. Mke wangu amefuta tu vumbi. Kosa ni langu, na la siku zile zote lilikuwa langu. Kesho kabla ya adhuhuri gari litakuwa safi. Nitalifanya kwa mkono."

"Kwa hiyo ni kweli," akasema Mzee Salum, na haikuwa sauti ya hasira, ilikuwa ya kuchoka. "Mashine yako ndiyo inakwangua. Na mimi nilikuwa nakutetea."

"Ni kweli, mzee."

Nilikimbilia nyuma ya mapipa nikalia. Nilikuwa nimepigana na watoto wenzangu kwa jambo hilo hilo. Nilikuwa nimemwaga uji wangu! Na sasa mwenyewe amesema mbele ya watu wote, bila hata kulazimishwa, kwamba ndiyo, ni mimi. Niliona kama ameniacha peke yangu njiani.

Jioni ile, Mama anasonga ugali, Baba alikaa uani na redio yetu. Ilikuwa redio nyeusi ya plastiki inayong'aa, kitu kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Alikuwa na ile taulo. Alisugua kona moja ya redio kwa taulo, polepole, akainyanyua kwenye mwanga wa mwisho wa jua, akatazama. Akasugua kona nyingine kwa shati lake, akatazama. Niliposogea nikaona kona ya kwanza imejaa miduara. Nikamwambia, "Baba, unaiharibu."

"Naisafisha," akasema. "Nenda kamsaidie mama yako."

Mama akaleta chakula. Alikuwa amepata tena sauti yake. "Baba Kabula, mimi nilikuambia siku nyingi uyafue yale masponji vizuri."

"Uliniambia."

"Unayaloweka tu. Sponji halilowekwi, linasuguliwa."

"Wabeja, asante, Mama Kabula. Nitayasugua."

Asubuhi alilifanya lile gari kwa mkono, kwa kipande cha flana na dawa laini, boneti nzima, mlango baada ya mlango, mkono ule ule ambao jana haukunyanyuka. Mimi nilikuwa shule. Nilipotoka, msafara wa harusi ulikuwa unapita, honi, matarumbeta, maua ya plastiki, na katikati gari jeusi kama usiku usio na vumbi. Nilikimbia kumwambia Baba aje aone. Nilimkuta ameketi chini, ameegemea pipa, mdomo wazi, amelala. Honi zote zile zilipita juu yake.

Siku iliyofuata alirudi kutoka mnadani na furushi la mitumba. Zilikuwa nepi za flana za watoto wachanga, laini, nyingine zimechorwa vifaranga. Akampa Mama. "Za kufutia magari," akasema. "Zile taulo ni nzuri mno kwa magari, wakati watoto wetu wanajifuta na vitenge vilivyochakaa. Watoto wapewe taulo."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akacheka akapiga makofi. "Leo umekumbuka kuwa una watoto!" Basi mimi na wadogo zangu tukapewa taulo za mwaloni. Zilitukwangua migongo mpaka tukawa na mng'aro. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa akiiona taulo analia kabla maji hayajamgusa.

Utando haukurudi tena kwenye gari lolote. Lakini Mzee Salum hakurudi pia, na wanunuzi wengine wakamfuata mjini. Neno lilikuwa limeshatoka mdomoni mwa Baba mwenyewe, nani angelirudisha? Watu waliendelea kuleta magari kuoshwa tu. "Tuoshee, Mama Kabula, lakini mashine hapana." Kulwa mwenyewe alikuja siku moja na pikipiki, akiangalia pembeni, akasema Mama ana mkono laini. Mashine ikakaa kwenye gunia. Baba akawa anachota maji na kumbebea Mama, ndoo kwa ndoo, na kijiwe kikamtungia majina ambayo sitayaandika. Baadaye magoti ya Mama yalichoka, wakahamia Didia kulima mpunga, na mashine nikapewa mimi, kwa sababu niliitaka.

Haya, sasa mniruhusu niwaambie nilivyokuja kuelewa. Haikuwa kwa akili. Ilikuwa mwaka huu huu tu, hapa Kahama. Kijana mmoja mchimbaji alileta gari lake kutoka huko barabara ya Buzwagi, jipya, la kijivu, na matope yakamkera kabla hata hajanikabidhi. Akafungua buti, akatoa taulo, akaanza kufuta mlango. Ilikuwa taulo ya mwaloni. Niliijua kwa uzito wake ilivyoning'inia. Nilipiga kelele, nikamnyang'anya, na nilipoifungua juani nikaona ndani ya nyuzi unga wa mawe unametameta, ule ambao hautoki hata ukifua kwa sabuni ya kipande mwaka mzima. Nikautazama mlango wa gari. Nikaona redio yetu.

Kijana akaniuliza, "Dada, vipi, unaumwa?" Nikamwambia nimechoka tu. Nikakaa juu ya ndoo.

Kumbe Baba alijua. Alijua kabla Mzee Salum hajashuka garini. Alikuwa na sekunde chache, pale akimtundikia Mama taulo begani, za kuamua nani ataitwa mharibifu. Mwanamume akisema sponji lake lilikuwa na mchanga, watu wanalilaumu sponji, wanamlaumu yeye, na kesho anabadilisha sponji. Ila mwanamke angesema taulo yangu ilikuwa na mchanga, pale, mbele ya Kulwa, hakuna mtu angesikia neno taulo. Wangesikia mwanamke. Na Mama asingeosha gari lingine Rwamgasa, na mimi leo nisingekuwa na ujasiri wa kushika mashine hii mbele ya wanaume wanaosimama kunitazama kama mbuzi aliyepanda mti. Nilidhani siku ile aliniacha njiani. Njia yenyewe alikuwa anainama kuitengeneza.

Mwezi uliopita nilikwenda Didia. Mama alikuwa jikoni, nikakaa na Baba barazani. Mikono yake inakufa ganzi siku hizi, anavishika vikombe kwa viganja viwili. Nikamwambia nimeiona taulo, nimejua. Hakuniangalia. Alitazama mpunga.

"Mama yako umemwambia?"

"Hapana."

"Basi usimwambie. Atarudisha nyuma miaka yote ile aanze kuihesabu upya. Ameshachoka, muache."

"Na wewe, Baba? Hukuchoka?"

Akafikiri. Baba ni mtu wa kufikiri akiulizwa swali na mtoto. "Nilichoka sana," akasema. "Lakini nilikuwa nimeshachoka tayari. Nikaona ni afadhali uchovu ukae kwa mtu mmoja."

Mama akatoka na chai, akatukuta tumegeuzia maneno kwenye mashine, na hapo hapo akafurahi, maana kisa hicho anakipenda. Akaanza kunisimulia kana kwamba sikuwepo: jinsi baba yangu alivyokuwa fundi mzuri ila mzembe wa masponji, jinsi alivyomwonya, jinsi alivyokaidi, mpaka siku ya gari jeusi akatubu mbele ya Rwamgasa nzima. "Wewe Kabula unayafua?" akaniuliza. "Usiwe kama huyu. Sponji la huyu lilikuwa baya, mwanangu, baya!"

Baba alikuwa anapuliza chai yake. Nilihisi uzito mahali fulani mabegani, si mkubwa, wa kubebeka.

"Ni kweli, Mama," nikasema. "Lilikuwa baya sana."